Kutoka Rombo hadi Kitengela: Mkazi abishe mlango upi?

Mkazi wa wadi ya Rombo, kusini mwa Kaunti ya Kajiado, akitaka kufika katika makao makuu ya kaunti yake kwa barabara ambayo wasafiri wengi wameizoea, hulazimika kwanza kuondoka katika kaunti hiyo.

Gari humtoa Illasit hadi Loitokitok, likapita Kimana na Imbirikani na kutokea Emali kwenye barabara kuu ya Mombasa. Kutoka hapo hupita Sultan Hamud na Salama katika Kaunti ya Makueni, likaingia Machakos hadi Athi River, ndipo lirejee Kajiado kupitia Kitengela na Isinya. Zipo njia nyingine za kupitia Mashuru au Amboseli, lakini nazo zina urefu na taabu zake kwa mtu aliyeacha mifugo nyumbani.

Nauli hiyo si hasara iwapo msafiri atapata alichofuata. Hasara huja pale anapofika Kajiado mjini na kuelezwa kwamba suala lake halishughulikiwi na serikali ya kaunti, au kwamba lingeshughulikiwa lau angelileta miezi sita mapema, kabla ya bajeti kupitishwa.

Kwa wakazi wa Kitengela mambo ni mepesi kidogo kwa upande wa safari, kwa kuwa mji wao uko kando ya barabara kuu ya Namanga. Hata hivyo, swali ni lile lile. Tangu wilaya na mabaraza ya miji yaondoke, mamlaka yamegawanywa kati ya serikali mbili ambazo afisi zake wakati mwingine zimetenganishwa na ua tu, na si rahisi kwa mwananchi kujua ni nani mwenye jukumu la nini.

Rombo inayozungumziwa hapa isichanganywe na Wilaya ya Rombo iliyo ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania. Majirani hawa wana jina moja na wanautazama mlima mmoja. Lakini upande wa Tanzania bado kuna wilaya na mkuu wa wilaya, ilhali upande wa Kenya vyeo hivyo vimekwisha kubadilishwa. Pengine ndiyo sababu neno "wilaya" halijatoweka vinywani mwa wakazi wa Illasit na vijiji vya mpakani.

Kabla ya mwaka 2013, mkazi wa Kajiado alikuwa na milango miwili mikuu. Wa kwanza ulikuwa wa mkuu wa wilaya, aliyewajibika kwa Afisi ya Rais na aliyekuwa na wakuu wa tarafa, machifu na manaibu wao chini yake. Wa pili ulikuwa wa Baraza la Kaunti ya Olkejuado, lililoketi madiwani waliochaguliwa na wananchi. Jina Olkejuado ni la Kimaasai na maana yake ni mto mrefu. Ndilo lililozaa jina la Kajiado.

Baraza hilo lilitoza ada za masoko na leseni za biashara, likasimamia mbuga na ardhi iliyowekwa chini ya amana kwa niaba ya jamii. Fedha zake hazikutosha. Kuanzia mwaka 1999 serikali kuu ilianza kuyapa mabaraza yote nchini asilimia 5 ya kodi ya mapato kupitia hazina maalumu iliyojulikana kama LATF. Mwaka 2003 ikaja Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, CDF, iliyotengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Tangu hapo wakazi wengi walizoea kumwendea mbunge kwa kila jambo, kuanzia darasa hadi kisima, na mazoea hayo hayajaisha.

Wilaya nazo ziliota kama uyoga katika miaka ya mwisho ya 2000. Loitokitok, ambayo awali ilikuwa tarafa, ilitengwa na Kajiado na kufanywa wilaya kamili. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya nyingi zilizokuwa zimeundwa bila kupitia sheria ya mwaka 1992 hazikuwa halali. Kabla ya mzozo huo kupoa, Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 na ikaweka kaunti 47.

Kaunti hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Kajiado ilipata gavana wake wa kwanza, Bw David Nkedianye, ambaye mwaka 2017 alimpisha Bw Joseph Ole Lenku. Bw Lenku alichaguliwa tena mwaka 2022.

Kaunti ina maeneobunge matano na wadi 25. Wadi ya Rombo imo katika eneobunge la Kajiado Kusini pamoja na Kuku, Kimana, Entonet/Lenkisim na Imbirikani/Eselenkei. Wadi ya Kitengela imo katika Kajiado Mashariki, sawia na Kaputiei Kaskazini, Oloosirkon/Sholinke, Kenyawa-Poka na Imaroro.

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka ni kwamba chifu si mfanyakazi wa gavana. Chifu, naibu wake, naibu kamishna wa kaunti na kamishna wa kaunti ni maafisa wa serikali kuu, na kazi yao imeelezwa katika sheria ya mwaka 2013 kuhusu uratibu wa shughuli za serikali hiyo. Hao ndio wa kuendewa kwa masuala ya usalama, vitambulisho, migogoro ya kijijini na ujumbe wa wizara za Nairobi.

Upande wa gavana una ngazi zake. Chini yake wako mawaziri wa kaunti, kisha msimamizi wa kaunti ndogo, kisha msimamizi wa wadi. Msimamizi wa wadi ndiye afisa wa kaunti aliye karibu zaidi na mwananchi, na barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri katika afisi yake ina uzito sawa na ile iliyopelekwa kwa mkono hadi Kajiado mjini. Mkazi wa Rombo angejiokolea nauli nyingi kwa kuanzia hapo.

Naye mwakilishi wadi, ambaye wengi bado humwita diwani, si msimamizi wa miradi. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na kumkagua gavana. Anayemlaumu kwa kutomwaga changarawe kwenye barabara anamlaumu kwa kazi isiyo yake. La haki ni kumuuliza kwa nini barabara hiyo haikuwekwa katika bajeti aliyoipigia kura.

Mgawanyo wa kazi zenyewe umo katika Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti ilipewa hospitali na zahanati, kilimo na mifugo, masoko, leseni za biashara na za pombe, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, usambazaji wa maji na usafi, kazi ya kuzima moto, na barabara za kaunti. Serikali kuu ilibaki na polisi, shule za msingi na za upili, barabara kuu, wanyamapori na utoaji wa hatimiliki.

Kwenye karatasi mpangilio huu unaeleweka. Ugumu unaonekana chini mashinani, ambako mtoto mmoja hutoka chekechea ya gavana na kuvuka uwanja kuingia darasa la kwanza la waziri wa elimu wa Nairobi. Paa la darasa la chekechea likiezuliwa na upepo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani hana fedha za kulirekebisha hata kama watoto ni wale wale.

Barabara nazo zina utata huo huo. Ile itokayo Emali hadi Loitokitok na kuendelea Illasit ni ya serikali kuu, sawa na barabara ya Namanga inayoipita Kitengela. Lakini vichochoro vinavyoingia mitaani Kitengela, na njia nyingi za kwenda mashambani Rombo, ni vya kaunti au vya mashirika ya barabara ya mijini na vijijini, kulingana na daraja la barabara husika. Kabla ya kuandika malalamiko ni vyema kumuuliza msimamizi wa wadi barabara hiyo imesajiliwa katika daraja gani. Jibu hilo pekee ndilo linaloonyesha barua ielekezwe wapi.

Maji ni mfano bora zaidi wa jinsi ncha hizi mbili za kaunti zilivyofungamana. Chemchemi ya Nol-Turesh, karibu na Loitokitok, hupata maji yake kutoka Mlima Kilimanjaro. Bomba linaloanzia hapo limekuwa likipeleka maji masafa marefu, likihudumia sehemu za Kajiado na hata kuvuka hadi Machakos na Athi River. Hivyo basi wakulima wa kusini, wanaotegemea mifereji ya maji kunyunyizia vitunguu na nyanya, wamekuwa wakishuhudia maji ya mlima wao yakipita kuelekea mijini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kusambaza maji ni kazi ya kaunti kupitia kampuni zake. Mito na chemchemi zenyewe, pamoja na vibali vya kuchota, viko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni ya kitaifa. Mradi unaovuka mpaka wa kaunti moja hadi nyingine hauwezi kuamuliwa na gavana mmoja peke yake. Mkulima wa Rombo ambaye mfereji wake umekauka kwa sababu mwenzake wa juu ameziba maji atapoteza wakati akimwendea gavana. Chama cha watumiaji maji cha mto ule, na mamlaka hiyo ya kitaifa, ndivyo vinavyohusika.

Wanyamapori ni suala ambalo huumiza zaidi, na ambalo kosa la kubisha mlango usiofaa hugharimu zaidi. Rombo imepakana na mbuga ya Tsavo Magharibi. Ndovu huvuka na kuingia mashambani, hasa mazao yanapokomaa. Kitengela, kwa upande wake, iko kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo haikuzungushiwa ua upande wa kusini ili wanyama wapate njia ya kwenda na kurudi kwenye nyanda za malisho.

Juni 2012 wafugaji waliwaua simba sita kwa mikuki karibu na Kitengela baada ya wanyama hao kuvamia mifugo yao. Machi 2016 simba mwingine, aliyejulikana kwa jina Mohawk, alipigwa risasi na maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS, huko Isinya baada ya kumjeruhi mtu. Visa hivyo viwili vilizungumzwa nchini kote, lakini mjadala mwingi ulikuwa kuhusu simba. Machache yalisemwa kuhusu namna mfugaji anavyoweza kulipwa.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa, Sh3 milioni kwa aliyelemazwa maisha, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Mifugo na mazao hulipiwa kwa bei ya soko. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia, nayo huyathibitisha na kuyapeleka mbele.

Licha ya kuitwa kamati ya kaunti, hiyo si kamati ya gavana. Imeundwa chini ya sheria ya kitaifa, na mlango wa kuifikia ni afisi ya KWS iliyo karibu. Mtu aliyepoteza ng'ombe usiku anapaswa kutoa taarifa upesi ili maafisa waje wakague mzoga na nyayo kabla fisi hawajaharibu ushahidi. Apige picha akiweza, na mashahidi wawepo. Kwa jeraha au kifo, karatasi za hospitali na taarifa ya polisi ni za lazima kivitendo.

Kuna sharti moja ambalo wakazi wengi hawalijui hadi wamekwisha kunyimwa. Sheria hiyo inasema fidia ya mifugo, mazao au mali haitolewi iwapo mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kujikinga, au iwapo matumizi ya ardhi yake yanapingana na mpango wa usimamizi wa eneo hilo. Kwa maneno mengine, zizi bovu linaweza kumkosesha mtu malipo. Sharti hilo lina ukali wake kwa mfugaji maskini, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Upande wa fedha, kaunti zote hupokea kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kama Katiba inavyoagiza. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kajiado ulikuwa takriban Sh7.95 bilioni kati ya Sh370 bilioni zilizogawiwa kaunti 47. Juu ya hizo kaunti huongeza mapato yake yenyewe, ambayo hutokana na kodi za mashamba ya mijini, leseni za biashara, maegesho, masoko na machimbo ya mchanga na mawe.

Hapa ndipo Kitengela inapotofautiana sana na Rombo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban watu 58,000 katika mji wa Kitengela. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu 154,436, katika kaunti iliyokuwa na watu 1,117,840 kwa jumla. Mji huo hutoa leseni na kodi ambazo wadi ya wafugaji haiwezi kuzitoa. Aidha, unadai mabomba ya majitaka, taa za barabarani na hospitali kubwa zaidi.

Katika bunge la kaunti, hata hivyo, Kitengela ina mwakilishi mmoja wa kuchaguliwa na Rombo ina mmoja. Mkazi wa mjini huona hiyo ni dhuluma kwa sababu watu wake ni wengi. Mkazi wa Rombo hujibu kwamba wadi yake ni pana, na kwamba zahanati moja huko huhudumia watu walio mbali. Wote wawili wana hoja, na mizani kati yao hupimwa mara moja kwa mwaka, wakati wa bajeti.

Kalenda ya bajeti imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, na haibadiliki kwa matakwa ya gavana. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka utakaofuata huwa umepelekwa katika bunge la kaunti. Kufikia tarehe 28 Februari hupelekwa taarifa ya mikakati ya fedha, ambayo huweka viwango vya juu vya kila idara. Makadirio yenyewe hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na sharti yaidhinishwe ifikapo tarehe 30 Juni.

Wananchi wengi hujitokeza mwezi Mei, wakati makadirio yanapojadiliwa hadharani, na kuomba kisima au daraja. Kwa wakati huo mlango umekaribia kufungwa. Viwango vya idara ya maji viliwekwa Februari, na orodha ya miradi ilianza kuandikwa kabla ya Septemba ya mwaka uliotangulia. Mkutano wa Mei unaweza kuhamisha fedha kidogo kutoka hapa kwenda pale. Si rahisi kuzaa mradi mpya.

Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano wa maendeleo ya kaunti. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili 2018 hadi 2022, na wa tatu 2023 hadi 2027. Sheria ya Serikali za Kaunti inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango. Kwa hiyo kundi la wanawake wa Rombo wanaotaka soko, au chama cha wenye nyumba Kitengela kinachotaka mtaro, wangeanza kwa kutazama iwapo jambo lao limetajwa humo.

Sheria hiyo ya fedha inaagiza pia kwamba si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itumike kwa maendeleo. Ni kipimo chepesi kwa mkazi yeyote aliye na nakala ya makadirio na kikokotoo cha simu.

Kushirikisha umma si hisani. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alikataa hoja kwamba tangazo la gazetini pekee lilitosha. Tangu uamuzi huo, kaunti nyingi hufanya mikutano hadi katika kiwango cha wadi, ingawa taarifa ya mkutano mara nyingine huwafikia watu siku moja kabla, na baadhi yao huisikia mkutano ukiwa umekwisha.

Aliyekosa mkutano ana njia mbili zaidi. Anaweza kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti, haki aliyopewa na Sheria ya Serikali za Kaunti. Anaweza pia kuomba nakala ya mkataba, orodha ya miradi au hesabu za malipo chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Afisi iliyoombwa ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, na tume hiyo hupokea barua kutoka mahali popote nchini.

Kuhusu CDF, ambayo kwa sasa huitwa NG-CDF, hali yake kisheria imekuwa ya mashaka. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya 2013 iliyoisimamia ilikiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua hivyo hivyo kuhusu sheria iliyochukua mahali pake, ya mwaka 2015, na kuipa hazina hiyo muda wa hadi tarehe 30 Juni 2026. Mzazi anayetegemea karo kutoka huko afahamu pia kwamba kaunti ina mfuko wake wa basari, na kwamba fomu za mifuko hiyo miwili hupatikana katika afisi tofauti.

Lakini suala ambalo huenda likaibadilisha Rombo kuliko barabara yoyote ni la ardhi. Mwaka 1968 serikali ilipitisha sheria iliyowezesha jamii za wafugaji kusajili ranchi za pamoja, zikisimamiwa na wawakilishi wachache waliochaguliwa. Rombo ilikuwa mojawapo ya ranchi hizo, sawa na Kuku, Imbirikani, Eselenkei na Olgulului. Sajili za wanachama ziliandikwa zaidi kwa majina ya wanaume walio wakuu wa familia.

Kitengela nayo ilikuwa ranchi ya pamoja. Iligawanywa katika miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Kiwanda kikifuata kiwanda huko Athi River, hasa baada ya kuanzishwa kwa maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje mwaka 1990, wafanyakazi walihitaji pa kuishi. Mashamba yakauzwa vipande vipande, nyua zikasimama, na njia za wanyama zikazibika. Kuanzia mwaka 2000 wahifadhi walianza kuwalipa wenye mashamba kwa kila ekari ili wasijenge ua, na mpango huo ulisaidia kwa kiasi chake, lakini hauwezi kushindana na bei ya ploti.

Si kusema kwamba walioigawanya Kitengela walikosea. Wapo waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa fedha za mashamba hayo. Wapo pia waliouza yote, na watoto wao leo ni wapangaji katika mji uliojengwa juu ya malisho ya babu zao.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliifuta ile ya 1968. Ranchi zilitakiwa kujisajili upya kama jamii, na mamlaka yakatoka mikononi mwa wawakilishi wachache na kukabidhiwa mkutano mkuu wa jamii, ambao ni wa watu wazima wote. Kamati ya usimamizi, yenye wanachama kati ya 7 na 15, huchaguliwa na mkutano huo. Ardhi isiyosajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kama Olkejuado ilivyofanya zamani, na kaunti hairuhusiwi kuiuza.

Uamuzi wa kuuza au kutoa ardhi iliyosajiliwa hauwafungi wanajamii mpaka uungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama wote watu wazima walio kwenye sajili. Si theluthi mbili ya waliohudhuria. Maamuzi mengine hupita kwa wingi wa kawaida wa waliopo mkutanoni.

Tofauti hiyo ndogo ina maana kubwa. Kijana aliye Nairobi au Kitengela kwa kazi, na mke wa boma ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa, sasa wanahesabika, mradi tu wamo katika sajili. Asiyekuwemo hahesabiwi popote, hata akifika mkutanoni mapema kuliko wengine.

Msajili wa ardhi ya jamii ni afisa wa serikali kuu, wala si wa gavana. Sheria inaagiza sajili ya wanachama ifanyiwe marekebisho kila mwaka, na mahali pa kwanza pa kuulizia iwapo jina limeingizwa ni kwa kamati ya jamii yenyewe, huko huko Rombo.